Kivinjari Kinapojifunga Ghafla: Namna ya Kumsaka Mkorofi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika toleo hili la jarida la chama chetu, wenzangu wamekuandalia mashairi, vitendawili na insha za kusisimua. Mimi, kwa idhini ya mwalimu mlezi, nimeamua kukuletea somo. Usishtuke! Si somo la ngeli wala la uakifishaji. Ni somo la tarakilishi, au kompyuta kama wengi wetu tunavyoiita, na nimeliandika kwa Kiswahili kwa sababu nimechoka kusikia eti mambo haya hayasemeki kwa lugha yetu. Yanasemeka, tena barabara.

Tuanze na istilahi ili tusipotezane njiani. Kuvinjari ni kuzungukazunguka mahali ukitazama, na kivinjari ni ile programu inayokuzungusha kwenye intaneti: Firefox, Chrome, Edge, Opera na jamaa zao. Kiendelezi ni programu ndogo unayoipachika kwenye kivinjari ili kifanye jambo ambalo hakikuumbwa nalo, kwa mfano kuzuia matangazo, kutafsiri maneno au kupakua video. Viendelezi ndivyo nitakavyovizungumzia hapa, kwa maana ndivyo mara nyingi humfanya mtu aone ukurasa wake ukiganda kama uji wa jana, kisha dirisha lote, pu! limetoweka.

Mfano wa karibu ni matatu. Gari hutoka kwa fundi likiwa na betri moja na nyaya zake. Halafu mwenye gari anaongeza spika nne, taa za buluu, honi ya kuimba na televisheni. Kila kifaa peke yake hakina neno. Lakini vyote vimeunganishwa kwenye betri ileile, na aliyeweka honi hakujua kwamba kuna mwingine alikwisha kuweka taa kwenye waya uo huo. Siku moja dereva anapiga honi na gari linazimika katikati ya barabara. Sasa nani alaumiwe?

Ugomvi huu si wa jana. Firefox 1.0 ilitolewa mwezi wa Novemba mwaka wa 2004, na viendelezi ndivyo vilivyoipa sifa nyingi. Wakati ule kiendelezi kiliruhusiwa kuingia mpaka jikoni mwa kivinjari na kubadilisha karibu chochote. Raha ilioje! Lakini jikoni hapo palipopangwa upya, kiendelezi kilichozoea kukuta sufuria mahali fulani kilinyoosha mkono na kuangusha kila kitu. Kwa hiyo kila mtengenezaji aliandika ndani ya kiendelezi chake toleo la chini na la juu la kivinjari kinachopatana nacho, na mambo yalipotofautiana, Firefox ilikikataa. Kisha katika mwaka wa 2011 Firefox ilianza kutoa matoleo mapya kila baada ya wiki sita. Watengenezaji wakashindwa kwenda na mwendo huo, na watu wakawa wanaona viendelezi vyao vikikataliwa kila mwezi na nusu. Mnamo Januari 2012, Firefox 10 ililegeza kamba: kiendelezi cha kawaida kikadhaniwa kinapatana mpaka ithibitike vingine.

Mageuzi makubwa yalikuja tarehe 14 Novemba 2017. Firefox 57 ilifunga ule mlango wa jikoni kabisa. Kuanzia siku hiyo kiendelezi kilitakiwa kusimama dirishani na kuagiza kwa utaratibu, kama viendelezi vya Chrome. Maelfu ya viendelezi vya zamani vilikufa siku moja na watu wakalia, lakini visa vya kiendelezi kuangusha kivinjari kizima vikawa vigumu zaidi kutokea. Chrome yenyewe tangu ilipotoka mwaka wa 2008 ilikuwa imegawanya kazi zake katika vyumba mbalimbali, ili ukurasa mmoja ukifa mwingine usife nao. Firefox ilianza kuwapa watumiaji wake mpango kama huo mwaka wa 2016.

Utaniuliza, ikiwa mambo yalinyoshwa hivyo, kwa nini mpaka leo twalia? Sababu ni kadhaa. Vivinjari havikuacha kubadilika. Kwa mfano mwaka wa 2024 Google walianza kuvizima katika Chrome viendelezi vilivyoandikwa kwa kanuni za zamani. Pia shuleni na kwenye masaiba yetu kuna mashine zinazotumia Windows 7. Chrome 109 ya Januari 2023 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kukubali Windows 7, na kwa Firefox ni 115 ya Julai 2023. Mashine kama hizo zina kumbukumbu ya gigabaiti mbili tu, na mtu amepachika viendelezi kumi na viwili. Hata ng'ombe hubebeshwa kwa kiasi. Tena kuna ugomvi wa kiendelezi kwa kiendelezi, ambao hauhusiani na toleo la kivinjari hata kidogo. Huo nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu ndio unaowashinda hata wanaojiita mafundi.

Haya, twende kazini. Jambo la kwanza ni kutazama ugonjwa wenyewe kabla ya kutafuta dawa. Je, dirisha lote limetoweka, au ni ukurasa mmoja tu uliokufa na kukuachia ujumbe, au kimeganda tu na kipanya kinazunguka? Je, hutokea kila unapofanya jambo fulani, au hutokea tu kikijisikia? Andika. Naam, chukua kalamu uandike saa na ulichokuwa ukifanya. Mwenye Firefox aandike about:crashes pale juu panapoandikwa anwani, kisha abonyeze kitufe cha kuingiza. Ataona orodha ya siku na saa ambazo kivinjari kilianguka. Kisha aende about:addons, abofye kiendelezi kimoja kimoja, aone tarehe kiliposasishwa mara ya mwisho. Ikiwa maanguko yalianza Jumatano na kuna kiendelezi kilichosasishwa Jumanne usiku, si lazima kiwe ndicho, lakini anza nacho.

Jambo la pili ni kukifungua kivinjari bila viendelezi. Kwenye Firefox, kifunge kwanza, halafu shikilia kitufe cha Shift unapokifungua tena. Kisanduku kitatokea kukuuliza kama unataka kukifungua katika hali ya kutafutia hitilafu. Kubali. Lakini hapohapo kuna kitufe cha pili, cha kuirudisha Firefox kama mpya. Hicho kiache! Alamisho na nywila zako zitabaki, ni kweli, lakini viendelezi vyote vitaondolewa na mipangilio yako itarudi ya kiwandani, na ushahidi wote uliokuwa ukiutafuta utakwenda na maji. Kwenye Chrome, njia ya haraka ni kufungua dirisha fiche, maana humo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa vile ambavyo mwenyewe umeviruhusu.

Ikiwa kivinjari bado kinaanguka hata bila viendelezi, basi viendelezi si wakosaji. Tafuta kwingine: kumbukumbu ndogo, programu ya kupambana na virusi inayojiingiza kila mahali, au mtambo wenyewe umechoka.

Na ikiwa kimetulia? Wengi wetu hapa hurukaruka kwa furaha wakisema, "Nimempata! Ni kiendelezi!" Polepole. Ile hali ya Firefox ya kutafutia hitilafu haizimi viendelezi peke yake. Inazima pia mapambo ya kivinjari na ule usaidizi ambao kivinjari hupata kutoka kwa kadi ya picha ya mashine. Inawezekana kabisa kwamba kadi ya picha ndiyo iliyokuwa ikileta balaa na viendelezi vimesingiziwa. Kwa hiyo fanya jaribio jingine: fungua Firefox kwa njia ya kawaida, nenda about:addons, zima viendelezi vyote kwa mkono, kisha urudie lile tendo lililokiangusha. Kikianguka, lawama ihamie kwa kadi ya picha au mapambo. Kikitulia, hapo sasa waweza kusema kwa kinywa kipana kwamba mkorofi yumo katika viendelezi.

Angalia kwamba nimesema zima, sikusema ondoa. Haya ni mambo mawili tofauti kama kumpeleka mtu nje ya darasa na kumfukuza shule. Kiendelezi kilichozimwa huhifadhi mipangilio yake, nacho utakiwasha ukitaka. Kilichoondolewa huenda na kila kitu chake. Mwezi wa Mei mwaka wa 2019 watu wa Firefox duniani kote waliamka wakakuta viendelezi vyao vyote vimezimika. Sababu ilikuwa cheti cha kidijitali kilichotumiwa kuvithibitisha, ambacho muda wake ulikuwa umekwisha. Watumiaji hawakuwa wamefanya kosa lolote. Mozilla walileta dawa baada ya muda mfupi, na waliwasihi watu wasiviondoe viendelezi ili kuviweka upya. Wengi waliosubiri walirudishiwa viendelezi vyao. Waliokuwa na mkono mwepesi walipoteza walichokuwa wamekihifadhi humo.

Sasa tufike kwenye utamu wa somo. Una viendelezi kumi na viwili na unajua mmoja ni mkorofi. Utampataje? Wengi huzima kimoja, wanajaribu, wanakiwasha, wanazima cha pili, na kadhalika. Ukikosa bahati utafanya majaribio kumi na moja. Ikiwa kila jaribio linakuhitaji kungoja robo saa ndipo uone kama kitaanguka, hayo ni saa mbili na dakika arobaini na tano. Kwenye saiba ya shilingi moja kwa dakika umekwisha kulipa shilingi 165 kwa kutafuta tu!

Tumia hesabu ya nusu kwa nusu. Viwashe sita, uzime sita. Kikianguka, mkorofi yumo katika sita vilivyowaka. Kikitulia, yumo katika vile vilivyozimwa. Kwa jaribio moja tu umewaachilia huru washukiwa sita. Wagawe waliobaki watatu kwa watatu, kisha mmoja na wawili. Hesabu mwenyewe: kumi na viwili, sita, vitatu, viwili, kimoja. Majaribio manne kwa wingi, saa moja, shilingi 60. Na uzuri wake ni kwamba hata vingekuwa kumi na sita, majaribio ni manne vilevile. Mwalimu wa hisabati akikuuliza vipeo vya mbili vina faida gani maishani, mjibu hivyo.

Lakini njia hii ina tundu, nami nililiona kwa macho yangu mwaka jana. Dadangu mkubwa alikuwa akijaza fomu ya kuomba mkopo wa masomo. Ilikuwa siku ya mwisho, na mlango wa maombi ulikuwa ufungwe saa sita usiku. Nyumbani hatuna tarakilishi, kwa hivyo tulikwenda kwenye saiba moja karibu na stendi ambayo hufungwa saa tatu. Alijaza kurasa zote, jina la baba, kazi ya mama, karo, kila kitu. Alipofika mahali pa kuweka picha yake, ukurasa uliganda, ukafa, na fomu ikawa nyeupe pe. Akaanza upya. Ikafa palepale. Mara ya tatu vilevile. Saa mbili na nusu ilikuwa imegonga na dada alikuwa hana hata machozi, anatazama tu.

Mwenye saiba ni mama mmoja mpole lakini mashine zake anazipenda kama watoto. Nikamwomba, "Mama, naomba niguse kidogo."

"Usiniharibie mwanangu, nina wateja wangu humo," akasema.

"Sifuti kitu mama. Nafungua chumba kipya tu, kile chako nakiacha kilivyo."

Nilichofanya ndicho ningependa ukishike iwapo utakabwa na saa kama sisi: usianze kumtafuta mkorofi, fanya kazi kwanza. Kivinjari kinaweza kuwa na wasifu zaidi ya mmoja, na kila wasifu una viendelezi, alamisho na nywila zake. Kwenye Firefox ni about:profiles, unaunda mpya na kuufungua, na ule wa zamani hauguswi. Kwenye Chrome unabofya ile alama ya mtu juu kulia, unaongeza wasifu. Wasifu mpya hauna kiendelezi hata kimoja. Tukafungua, dada akajaza mara ya nne, picha ikakubali, na fomu ikapokelewa kabla ya saa tatu. Yule mama alituongezea dakika kadhaa bila kudai kitu, na nashukuru mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata nilirudi, mama akaniruhusu nichunguze. Kulikuwa na viendelezi kumi na viwili. Bahati nzuri ugonjwa ulikuwa na saa yake maalum: ukiweka picha tu, unakufa. Kwa hiyo kila jaribio lilichukua dakika mbili. Nikawasha sita vya kwanza. Salama. Nikavizima, nikawasha sita vya pili. Salama! Nikaviwasha vyote kumi na viwili. Kikafa.

Lo! Kama mkorofi ni mmoja, lazima angekuwa katika kundi moja kati ya hayo mawili. Hayumo huku wala kule, lakini yumo kwa wote. Mtu asiyefikiri angesema tarakilishi imerogwa. Jibu ni kwamba wakorofi ni wawili, mmoja katika kila kundi, na hakuna anayedhuru akiwa peke yake. Ni kama wale ndugu wawili kijijini, kila mmoja ni mtu wa watu, wakikutana kwenye harusi viti vinaruka.

Katika hali hiyo hesabu ya nusu haifi, inabadilishwa kidogo. Viache sita vya kundi la kwanza vyote vikiwaka, visiguswe. Kisha gawanya kundi la pili tu: vitatu viwake, vitatu vizimwe, ujaribu, ugawanye tena. Kwa majaribio matatu kwa wingi utampata wa kundi la pili. Sasa mwache yeye awake peke yake kutoka kundi lake, uanze kugawanya kundi la kwanza. Matatu mengine. Ukijumlisha na yale matatu ya mwanzo ni majaribio tisa. Si mengi, ukizingatia kwamba jozi zinazowezekana kati ya makundi hayo mawili ni 36.

Niliwapata wawili. Mmoja kazi yake ni kuzuia matangazo. Mwingine huweka kitufe kidogo cha kupakulia juu ya kila picha inayotokea kwenye ukurasa. Ugomvi wao, kwa jinsi nilivyouona, ni huu: dada akiweka picha, fomu inaionyesha. Yule wa pili anakimbia kupachika kitufe chake juu ya picha. Yule wa kwanza anakiona kitufe kigeni, anadhani ni tangazo, anakiondoa. Wa pili anaona kitufe hakipo, anakirudisha. Wa kwanza anakiondoa. Hawachoki, wala hawalali, na kwa sekunde moja wamefanya hivyo mara nyingi sana. Kumbukumbu ya mashine inajaa, na ukurasa unakata roho. Kwenye mashine yenye nguvu pengine ungeona uzito tu. Kwenye ile ya gigabaiti mbili ilikuwa kifo. Ukitaka kuwaona wakorofi wa namna hii wakiwa kazini, kwenye Chrome ya Windows bonyeza Shift pamoja na Esc: utaona orodha ya kurasa na viendelezi, na kila kimoja kinakula kumbukumbu kiasi gani. Kwenye Firefox andika about:processes.

Dawa? Hapakuwa na haja ya kuwafukuza wote wawili. Mama anahitaji kizuizi cha matangazo kwa sababu wateja wake hubofya chochote kinachometameta. Kile cha vitufe hakuna aliyekumbuka nani alikiweka wala lini. Tukakizima, tukangoja wiki moja bila malalamiko, ndipo tukakiondoa. Kama vyote viwili vingekuwa vya lazima, kizuizi kingeweza kuambiwa kisifanye kazi kwenye ile tovuti moja ya fomu, maana vizuizi vingi vinakubali hivyo.

Kisha nikamwandikia mtengenezaji wa kile cha vitufe. Barua ya namna hii isiwe ya matusi wala ya "kitu chenu kibaya". Taja kivinjari na toleo lake, Windows ipi, kiendelezi kingine kinachogombana naye, na hatua kwa hatua jinsi ya kukifanya kianguke. Kwenye Firefox ukiandika about:support utapata maelezo hayo yote mahali pamoja, pamoja na orodha ya viendelezi, unakili tu. Nilichapisha hatua tano. Jibu halijaja.

Kwa wenzangu wa shule hii: maabara hufunguliwa Jumatano kuanzia saa kumi, na mwalimu ameturuhusu kufanya mazoezi mradi tusiondoe kitu bila kumwuliza. Mashine namba nne ina viendelezi kumi na kimoja na huanguka kila ukifungua video ya somo la biolojia. Mimi sijaigusa, nimewaachia nyinyi. Njoo na kalamu na karatasi.